Redio ya Hamdu Imekula Unga

Zawena anakaa Korogwe, nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ni ya mama yake. Ukuta wao ni mweupe kwa unga. Hata kuku wao ni mweupe kwa unga.

Zawena ana mdogo wake, anaitwa Hamdu. Hamdu hana meno, lakini sauti anayo.

Mchana Hamdu hulala chumbani. Mama husaga mahindi ya watu, na mashine ina kelele sana. Ngrrr, ngrrr, ngrrr.

Kwa hiyo mama ana redio mbili ndogo za mtoto. Moja hukaa karibu na Hamdu na kumsikiliza. Nyingine huning'inia msumarini, pale mama anaposagia.

Hamdu akiguna, taa moja inawaka kwenye redio ya mama. Hamdu akilia, taa zote zinawaka. Mama akiziona, anazima mashine na kwenda kumbeba.

Asubuhi moja, redio ya mama haikuwaka. Mama aliichomeka kwenye chaji. Akangoja. Akaichomoa, akaichomeka tena. Bado giza.

"Labda imechoka," alisema Zawena.

"Hata mimi nimechoka," alisema mama, "na nimeamka."

Wateja walikuwa wameshapanga ndoo zao. Mama akawasha mashine.

Mashine inasema ngrrr.
Hamdu analia ngaa.
Nani atasikia?

Zawena alisikia. Alikimbia, pata pata pata, akamvuta mama kanga. Mama akaja.

Zawena akakaa mlangoni kumsikiliza Hamdu. Hakwenda kucheza. Alikimbia tena, na tena, mpaka miguu ikachoka. Akajilaza juu ya gunia, kidogo tu. Macho yakajifumba.

Mashine inasema ngrrr.
Hamdu analia ngaa.
Nani atasikia?

Hakuna aliyesikia.

Mama alipokuja, Hamdu alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Shingo yake ilikuwa imelowa machozi. Mama alimkumbatia. Zawena aliamka na kuwaona, naye akaanza kulia. Mama akamvuta na yeye kifuani.

"Wewe ni mtoto, Zawena," alisema. "Wewe si redio."

Lakini Zawena alitaka redio ipone. Aliichukua, akachungulia kwenye kitundu cha chaji. Ndani kulikuwa na kitu cheupe. Unga!

Zawena anajua kupuliza jiko la mkaa. Akaipuliza redio. Fuu, fuu, fuu. Alipuliza mpaka mashavu yakauma. Mama akachomeka waya. Bado giza.

Ndipo akaja Mjomba Shomvi na ndoo yake ya mahindi. Mjomba Shomvi ni fundi wa simu, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Aliiona redio imelala katikati ya unga, akauliza kama siku hizi wanasaga na redio. Mama akamwambia acheke tu, lakini anayecheka atasagiwa mwisho.

Mjomba akaacha kucheka. Alitoa betri ya redio, akamulika kitundu kwa tochi. Akamuuliza Zawena kama aliipuliza. Zawena akaitikia kwa kichwa.

"Pumzi ina maji, mjomba," alisema fundi. "Ukichanganya maji na unga, unapata nini?"

Zawena alifikiri. "Ugali."

"Basi umepika ugali mdogo kuliko wote Korogwe."

Mama alicheka. Zawena naye alicheka, huku machozi hayajakauka.

Mjomba alisema ugali huo uachwe ukauke. Aliiweka redio kivulini, penye upepo. Mama akamfunga Hamdu mgongoni na hakuwasha mashine. Wateja walinuna kidogo, kisha wakakaa kupiga soga.

Zawena alikaa mbele ya redio. Alitamani kuipuliza. Kidogo tu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Jua lilipopoa, Mjomba alirudi na kijiti chembamba kikavu. Zawena akashika tochi. Akamulika kitunduni.

Kwaru, kwaru, kwaru. Polepole. Ugali mkavu ukadondoka, mdogo kama punje ya mtama.

Kisha Mjomba akampa Zawena mswaki mpya, mkavu. Zawena akaipiga redio mswaki. Swiki, swiki, swiki. Unga ukatoka wote.

Betri ikarudi ndani. Waya ukaingia. Tk. Wote wakasogea kutazama, hata Hamdu mgongoni.

Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Mjomba alisema unga utaingia tena, redio ikiachwa wazi. Mama akatazama huku na huku. Zawena akakimbia chumbani, akarudi na soksi yake nyeupe. Redio ikaingia ndani ya soksi kama mguu. Taa ilionekana vizuri.

Chaji ilipojaa, mama akamlaza Hamdu, akarudi kwenye mahindi ya watu. Ya kwanza ilikuwa ndoo ya bibi mmoja aliyengoja bila kununa. Ya Mjomba ilikuwa ya mwisho.

Zawena alijilaza kando ya Hamdu. Hamdu akashika kidole chake, akalala. Zawena akasogeza mdomo karibu na redio ya chumbani.

"Mama," alinong'ona. "Hamdu amelala. Na mimi nalala."

Mashine inasema ngrrr.
Zawena ananong'ona.
Nani atasikia?

Kule msumarini, ndani ya soksi, taa moja ikawaka.

Mama akazima mashine. Akaja taratibu, na unga wake mikononi, akawafunika wote wawili.