Kisu Kinachojua Kazi

Kijiti alikikunjua kisu kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa jambo dogo, na shangazi yake alicheka tu.

"We mtoto, tangu lini umekuwa wa shoto?"

Kijiti aliutazama mkono wake kana kwamba amekabidhiwa wa mtu mwingine. "Sijui, shangazi. Umetangulia wenyewe."

"Basi uambie usitangulie sana, utajikata. Haya, kikunje tena. Taratibu, vidole mbali na makali."

Tak, kisu kikajifunga.

Jina la Kijiti alipewa kwa wembamba wake. Shangazi alimchukua tangu anatambaa, baba yake alipofariki, na hakuwa na mtoto mwingine wala hakutaka mwingine. Sasa binti alikuwa amemaliza shule na ameomba afundishwe kazi ya kitaluni. Nyuma ya nyumba, chini ya neti ya kivuli, miche ilijipanga katika viriba vyeusi mpaka ukutani. Kazi yenyewe iliitwa kubebesha: unalikata jicho la mti wenye matunda mazuri, lile chipukizi dogo, pamoja na kikonyo cha jani lake, unalipachika ndani ya gome la mlimau mgumu, kisha unalifunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki chache unakigusa kikonyo. Kikianguka chenyewe, kwa ulaini, ujue jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Shangazi alimkaririsha somo hilo hadi Kijiti akawa analisema usingizini.

Zawadi ya kuanzia kazi ilikuwa kisu, na shangazi alikichagua kwa makini. Alijua anayeanza hahitaji kile chenye vikorokoro, mara mkasi, mara kizibuo, mara msumeno usiokata hata sabuni. Anahitaji ubapa mmoja tu, unaokaza ukikunjuliwa usije ukamrudia vidoleni, mpini unaojaa kiganjani, na chuma kinachokubali jiwe la kawaida la kunolea. Muuza visu alimtandazia vingi. Kimoja ubapa wake ulicheza kwenye msumari wa mkunjo. Kingine kilikuwa kizuri, ila cha bei ambayo ingemfanya binti aogope kukitumia. Ndipo shangazi alipokiona hiki ndani ya kopo: mpini wa mti mweusi, ubapa usio na doa la kutu. Kwenye mpini palikuwa pamelika kidogo, kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi. Kidole gumba kilitua hapo chenyewe.

"Hicho si kipya," muuza visu alisema. "Kimerudishwa."

"Kina kasoro gani?"

"Kasoro hakina." Alijikuna shingo. "Kinajua kazi, hicho. Kinajua kupita kiasi."

"Basi ndicho ninachotaka. Anayeanza hajui kitu, angalau kisu kijue."

"Mama, usije ukasema sikukwambia."

"Sasa umeniambia nini?"

Muuza visu alishusha bei bila kuombwa, akakiviringisha kwenye gazeti haraka haraka, kama mtu anayefunika sahani iliyojaa nzi.

Mche wa kwanza wa Kijiti haukuwa na dosari. Shangazi aliukagua mara mbili, akijiambia ni bahati. Mche wa pili ukawa hivyo hivyo, na wa tatu. Mkono wa kushoto ulikata bila kusita, mkato mmoja, kama wa mtu aliyezeekea kazi hiyo. Shangazi mwenyewe alikuwa ameharibu miche msimu mzima kabla ya kupata mmoja wa namna ile.

"Nani amekufundisha kushika hivyo?"

"Mwenye kidole," Kijiti alijibu, macho kwenye mche.

"Kidole gani?"

Kijiti aligonga kwa ukucha pale mpini ulipolika. Hakutabasamu, naye alikuwa mtoto asiyeweza kutania bila kucheka kabla ya mwisho.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka chuma kilicholowa. Shangazi alisugua sinki, akamwaga maji ya ndoo, akachungulia chini ya kabati, harufu haikuondoka. Kisha ikaja sauti. Tak. Aliisikia akiwa anapepeta mchele, akadhani ni Kijiti. Kijiti alikuwa kasimama mbele yake, mikono mitupu, na kisu kilikuwa kwenye droo iliyofungwa. Tak. Ndani ya droo kitu kilikuwa kikijikunjua na kujikunja, polepole, kama mtu anayejinyoosha mifupa.

"Umesikia?" shangazi alinong'ona.

"Anachoka kulala," Kijiti alisema.

Shangazi alikitoa kisu, akakifungia kwenye sanduku la nguo, na ufunguo akauning'iniza shingoni.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, saa ambayo hata kuku hujificha na kivuli cha mtu humrudia miguuni, shangazi alitoka na ndoo akakuta kitalu kimenyamaza, hakuna ndege, bomba halidondoki, majani hayatikisiki, na kule mwisho, kati ya milimau, Kijiti amechuchumaa amempa mgongo na anazungumza na mtu kwa sauti ya chini, akiuliza na kunyamaza, akiuliza na kunyamaza, mpaka shangazi aliposogea vya kutosha akasikia kwamba majibu pia yalitoka kinywani mwa Kijiti, ila kwa sauti nzito, kavu, yenye subira, sauti ya mwalimu, inayosema kaza utepe, kaza tena, usiache hewa ipite, na shangazi akauhisi ufunguo ukiwa wa baridi kifuani pake wakati macho yake yanakiona kisu kile kile kinang'aa katika mkono wa kushoto wa mtoto.

Ndoo ilimponyoka. Kijiti akageuka.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa utepe wa nailoni, vizuri mno, chini ya kidole gumba. Hapakuwa na tone la damu. Katikati ya utepe kilichomoza kikonyo cha kijani.

"Shangazi," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "mimi sikutaka. Alisema ni somo tu."

Mganga aliyeitwa na shangazi alifika jioni hiyo hiyo. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na alivua viatu mlangoni huku akiguna.

"Nyumba inanuka kama bucha," alisema. Kisha akakishika kiganja cha Kijiti, na mzaha ukamwisha. "Wengine hupandwa na jini. Huyu amebebeshwa."

"Litoe jicho hilo, mama. Nakuomba, huyu ndiye niliye naye."

"Nikiling'oa nikalitupa, litarudi kabla sijavaa viatu. Lazima lipate shina jingine. Unalo?"

"Ninacho kitalu kizima."

"Chagua gumu. Na kazi utaifanya wewe, kwa kisu chako cha zamani. Wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye utakayemhamisha. Likishika kule, limemwachia mwanao."

"Na lisiposhika?"

Mganga aliangalia pembeni. "Omba lishike."

Walimlaza Kijiti mkekani. Mganga alisoma na kufukiza, na moshi ulipotanda ile sauti kavu ilianza kuongea, kwa upole, bila hasira, ikimsahihisha shangazi kila alipogusa: chini kidogo, hapo, usikwaruze. Mikono ya shangazi haikukosea. Jicho lilitoka zima, lina joto, kama kitu kilichotoka kwenye kiota. Alikimbia nalo hadi kwenye mlimau wa pembeni, akalipachika ndani ya gome, akafunga utepe. Kisu cheusi alikifunga kwa kipande kingine cha utepe, akakifukia nje ya uzio, akasukumia jiwe juu yake.

Harufu ilikoma usiku ule. Asubuhi Kijiti alishika kikombe kwa mkono wa kulia, na shangazi akajifungia bafuni kulia peke yake.

Wiki zilipita vizuri. Kiganja kilibaki na kovu jembamba, ambalo Kijiti aliliviringishia kitambaa. Alianza tena kutania na kucheka kabla ya mwisho wa utani. Aliharibu mche, kisha mwingine, na shangazi hakuwahi kuona mikato mibaya iliyompendeza namna ile.

Siku ya kuufungua utepe shangazi alikwenda peke yake, mchana kweupe. Mlimau ulikuwa umesimama vizuri. Aliufungua utepe taratibu, mzunguko kwa mzunguko, huku kule kwenye bomba Kijiti akiimba na kuosha viriba.

Alinyoosha kidole akakigusa kikonyo. Anguka, alisema moyoni. Anguka, tafadhali, anguka.

Kikonyo hakikuanguka.

Akakisukuma. Kiling'ang'ania, kikavu, kisha kikavunjika kama njiti ya kiberiti. Aliinua gome kwa ukucha. Ndani palikuwa peusi na patupu. Jicho halikuwamo.

Ndipo alipogundua kwamba wimbo umekoma.

Tak.

"Shangazi," Kijiti alisema nyuma yake. "Unahitaji kisu?"

Alikuwa amekinyoosha kwa adabu, mpini mbele, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Udongo mbichi ulikuwa umejaa kwenye msumari wa kisu. Alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto.

Shangazi hakukipokea. Aliudaka mkono wa kulia wa binti yake, akakivuta kitambaa, akavifungua vile vidole kimoja kimoja huku akimwita kwa jina lake halisi ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka. Juu ya kovu kilisimama kikonyo kibichi, cha kijani.

Alikigusa tu, kwa ncha ya kidole.

Kikaanguka chenyewe, kwa ulaini.