Nilimchekesha Bi Tunu, Shule Ikabomolewa

"Sitoki humu mpaka mniletee mtani wangu."

Sauti ilitoka ndani ya darasa la zamani, Shule ya Kwa Mwishehe, huku kwetu Temeke. Nje katapila limeshawashwa, linanguruma, mkono wake uko juu ya paa...

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mtoeni huyo bibi, mie sitaki kesi ya mtu."

Mtaa mzima ukageuka kuniangalia.

Mtani mwenyewe ndo mie. Mashaka. Yule wa klipu.

Nyie mnaonifuatilia hapa mmezoea nawavunja mbavu. Leo naomba msicheke. Najua mtacheka tu, na hapo ndo pana ugonjwa wenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, Jumapili ya mkutano wa mtaa.

Ajenda ilikuwa moja. Lile jengo la zamani, la mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, milango mirefu utadhani walikuwa wanasomesha twiga... libomolewe zijengwe frem za biashara, au libaki? Wanafunzi walishahamia ghorofa jipya la pembeni.

"Popo wamejaa, litawaangukia watoto," akasema mmoja.

"Frem zipo kila kona," akajibu mwingine. "Jengo kama hili unaliona wapi tena?"

Mkutano ukagawanyika kweli. Watu walikuwa wanaulizana, hawazomeani.

Akasimama Bi Tunu.

Bi Tunu ni Mzaramo wa hapahapa, anauza vitumbua nje ya geti la shule tangu mie sijazaliwa. Mie Mnyamwezi, ingawa Tabora yenyewe naijua kwa picha. Kwa hiyo sie ni watani, na kila asubuhi ilikuwaga hivi:

"Shikamoo, mtumwa wangu."

"Marahaba, we mbeba pembe. Umeshusha mzigo wa bwana wako, au bado uko nao kichwani?"

"Nimeshusha. Nipe kitumbua nirudi bara."

"Kale mchanga. Babu yako alikula mchanga njia nzima, wewe nani?"

Halafu ananipa kile kilichoiva vizuri.

Sheria ya utani mnaijua. Mtani hakasirikiwi. Akilala kwenye jeneza la baba yako, unacheka. Ukinuna, wewe ndo huna adabu, siyo yeye.

Basi Bi Tunu akaifunga kanga yake vizuri, akasema taratibu, "Mwenyekiti, mie nina neno. Juzi nilikwenda mjini kuwaona..."

Pembeni yangu Loveness, anayenirekodiaga, kashanyanyua simu. Nikaiona kiki hiyoo, inapita mbele yangu. Nikadaka.

"Jamani! Tangu lini Mzaramo akalilia shule? Huyu analilia wale popo. Ndo wajomba zake waliobaki."

Wanangu, mkutano ulikufa. Watu walikuwa wanapigana makofi ya mgongo. Mwenyekiti Albano alivua miwani, akafuta machozi.

Bi Tunu akaniangalia. Akaniangalia tena.

Halafu akacheka, kaziba mdomo kwa kanga. Akakaa.

Mwenyekiti akadakia hapohapo. "Haya, hata Bi Tunu mwenyewe kacheka. Tuseme hakuna pingamizi. Tuendelee."

Bi Tunu akanyanyuka tena. Kabla hajafungua mdomo, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Popo!" Kicheko kingine. Akajaribu mara nyingine, wakamrudishia "Tangu lini?" Akachukua kandambili zake, akaondoka.

Mie nilidhani kaenda kuloweka mchele wa vitumbua. Nilikuwa nahesabu laiki.

Klipu ikatembea. Madereva bodaboda wakawa wanampitia pale getini, "Bi Tunu, tangu lini?" Mpaka watoto wa shule, na kitumbua chake mdomoni. Niliona kwa macho yangu. Nikacheka nao.

Sasa turudi pale katapila linaponguruma.

Nikaingia darasani. Bi Tunu kakaa dirishani, maana ule ukuta ni mnene, mtu analala pale akajigeuza. Nikaanza kama kawaida.

"Mtumwa wangu, toka bwana. Ukifia humu nani atanikaangia?"

Hakucheka.

"Mashaka," akasema.

Nyie... tangu nizaliwe Bi Tunu hajawahi kuniita kwa jina.

"Humu ndimo niliposoma ngumbaro. Jioni, mtoto mgongoni. Mwalimu alinishika mkono pale ubaoni, nikaandika Tunu. Nikakaa naliangalia jina langu mpaka wenzangu wakaondoka."

Akanigeukia.

"Siku ile ulijua nataka kusema nini?"

"Sikujua, Bi Tunu."

"Nilikwenda kwa watu wa mambo ya kale. Wakanambia, bibi, mkutano wenu ukikataa tu, sie tunakuja kusimamisha. Hawakutaka kitu kingine. Wanataka wasikie wenye mtaa wamekataa."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukunambia ninyamaze?"

"Mtani anaambiwa anyamaze? Mbele za watu? Nikinuna, sina adabu. Nikicheka, nimekubali. Ulinifunga kotekote, mwanangu."

Akanionyesha mlango kwa kidole.

"Nenda kawaambie kicheko changu hakikuwa ndiyo. Wewe ukisema wanasikiliza."

Nikatoka. Nikasimama kwenye ngazi.

"Jamani, Bi Tunu hakukubali. Siku ile nilimkata kauli. Naomba mkutano urudiwe."



Loveness akaangua kicheko, simu iko juu. "Kashaanza huyu!"

"Sitanii."

Hapo ndo wakavunjika mbavu kabisa. Kumbe hilo neno, mdomoni mwangu, ndo linalochekesha kuliko yote.

"Naapa mbele ya Mungu, sitanii. Jengo linaondoka kwa sababu yangu."

"Muoneni, mpaka machozi yanatoka kweli," mama mmoja akasema, kajishika mbavu. "Huyu mtoto kipaji anacho."

Nikamfuata mwenyekiti. "Mzee, mie nalia kweli."

"Tunaona, Mashaka. Umetuchangamsha, inatosha. Sasa mtoe bibi, watu wafanye kazi."

Nikageuka.

Bi Tunu alikuwa kasimama mlangoni. Kasikia yote.

Akashuka ngazi mwenyewe. Nikampa mkono, akapita kama hajauona. Watu wakampisha. Katapila likashusha mkono, paa likalia kama linakohoa, ukuta ukaenda. Popo wakatoka mchana kweupe, watu wakawashangilia. Vumbi la chokaa likatupaka wote weupe, na mie nimesimama palepale, mdomo wazi, chokaa inaingia.

Klipu yangu nikilia? Ndo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Chini yake wameandika, "Huyu jamaa noma."

Mkinicheka kwa hili, sawa. Ila kitu kimoja nimekijua. Mtu akicheka, usiwe na haraka ya kusema amefurahi, wala amekubali. Mwingine anacheka kwa sababu wewe umemzibia kila pa kutokea, umemwachia hapo tu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda getini mapema. Nilitaka anitukane. Anitukane mie, na babu yangu, na pembe zake, mpaka pumzi imwishie.

"Shikamoo, mtumwa wangu."

Akanyanyua macho.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo..."

"Na nyumbani hawajambo wote?"

"Hawajambo, Bi Tunu."

"Haya, tunamshukuru Mungu."

Akanifungia vitumbua vyangu kwenye karatasi, vizuri, kama anavyomfungia mgeni. Akanambia ahsante, karibu tena. Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.