Mate ya Bibi Emilia

Kila alfajiri, kabla ya kengele ya shule kulia, Oliva alikuwa shambani Chiungutwa, chini ya mikorosho, akiokota mabibo yaliyoanguka usiku. Alinyonga korosho kutoka kwenye kila bibo, akaitupa kapuni, na mabibo akawaachia mbuzi. Kazi hiyo alizoea kuifanya pamoja na baba yake, Nikolao. Msimu huu aliifanya peke yake, na kila baada ya muda mfupi aligeuka kutazama njia.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kufika vijijini na malori yao. Aliyetaka kusafiri alipanda juu ya magunia. Nikolao alipanda lori moja la namna hiyo akirudi kutoka Newala. Katika mteremko mkali, breki zilishindwa, lori likapinduka na kushika moto. Miili iliyopatikana haikuweza kutambulika kwa macho. Tena hakuna aliyejua abiria walikuwa wangapi, kwa kuwa wengine walidandia njiani. Wataalamu walichukua jino kutoka katika kila mwili, kisha marehemu wakazikwa kwa muda katika makaburi yenye vibao vya namba.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Mama yake Oliva, Esther, alifagia mahali alipokwisha kufagia. Usiku hakufunga komeo la mlango. Bibi Emilia, mama mzazi wa Nikolao, alikataza watu wasikae matanga.

"Hatuombolezi namba," alisema. "Nipeni mwanangu kwanza, ndipo nilie."

Kila jioni jirani yao Nurdin, ambaye mdogo wake Jafari alikuwa katika lori lilelile, alipita na baiskeli yake.

"Hodi, Mama Oliva. Kuna habari?"

"Hakuna, Baba Swalehe. Kwenu?"

"Hakuna."

Akaondoka, na kesho yake akarudi na swali lilelile.

Hatimaye wataalamu wa maabara walifika katika zahanati ya kijiji. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja mpole aliyeitwa Salome. Aliwaeleza wafiwa kwa utulivu.

"Ndani ya mwili wa kila mtu mna vinasaba. Nusu amevipata kwa mama yake, nusu kwa baba yake. Nikilinganisha vinasaba vya mzazi, au vya mtoto wa kumzaa, na vile vilivyomo katika jino la marehemu, nitajua ni nani amelala wapi."

Mama yao Nurdin na Jafari alifungua kinywa bila kusita. Ilipofika zamu ya Bibi Emilia, Salome alishika kijiti chenye pamba.

"Shikamoo, Bibi. Nitakupangusa ndani ya shavu tu."

"Marahaba," Bibi alijibu, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. "Mate yangu ni ya kubarikia wajukuu. Hayaendi Dar es Salaam ndani ya chupa, yakashikwa na nisiowajua! Mchukue mtoto wake, huyu hapa."

"Ni mtoto wake wa kumzaa?"

"Kijiji kizima kinamwita Baba Oliva," Bibi alisema kwa ukali. "Na Oliva ndiye huyu."

Esther alitazama chini. Oliva akafungua kinywa. Pamba haikuuma hata kidogo.

Alijua ukweli. Mama aliyemzaa alikuwa Cecilia, dada yake Nikolao, ambaye alifariki Oliva akingali mchanga na kuzikwa Lulindi. Kila mwaka Bibi alimpeleka kupalilia kaburi lile. Wakati wa kurudi alimwonya, "Ya Lulindi hayaingii mlangoni." Katika nyumba yao, kumwambia mtoto wa kulelewa kwamba hakuzaliwa hapo lilikuwa tusi kubwa kuliko matusi yote.

Alasiri ile Oliva alikwenda kisimani. Kelvin, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameketi juu ya ndoo yake akiwachekesha wenzake.

"Haya, Oliva! Majibu yakija mtaambiwa hayumo. Baba yako kavuka Ruvuma zamani, anakula samaki Msumbiji!"

Watoto wakacheka. Oliva alijitwisha ndoo, akaondoka. Alipofika njiani akasimama ghafla, maji yakamwagika mabegani. Majibu yangesema kweli kwamba hayumo! Yangesema hivyo kwa sababu ya kijiti kilichopita kinywani mwake yeye. Baba yake angelala milele chini ya kibao cha namba, na uzushi wa Kelvin ungegongwa muhuri.

Alimkuta mama yake akianika korosho.

"Mama, twende tukamwambie yule dada. Gari lao linaondoka kesho asubuhi."

Esther hakuuliza wamwambie nini. Korosho zilimponyoka, zikatawanyika.

"Mwanangu, neno hilo halitamkwi humu. Bibi yako atasema umemkana aliyekulea."

"Na nikinyamaza, Mama, nani atamzika?"

Esther aliinama kuziokota korosho. Oliva alikwenda kwa Bibi Emilia, akapiga magoti mbele ya kigoda chake.

"Bibi, mimi ni mtoto wa Cecilia. Kijiti changu kitamkosa Baba."

Bibi aliinua mkono. Oliva hakukwepa.

"Nani amekutuma kusema hayo? Unamkana Nikolao?"

"Simkani, Bibi. Ninamtafuta."

Mkono wa Bibi ulishuka, ukashika ukingo wa kigoda.

Asubuhi Oliva alimkuta amesimama mlangoni, amejifunga khanga zake za kanisani.

"Mwite Nurdin na baiskeli yake," aliamuru. "Goti langu haliwezi kulikimbiza gari."

Nurdin alimpakia, akakanyaga kwa nguvu huku Oliva akikimbia nyuma.

"Bibi, shika tandiko, usishike masikio yangu!"

"Endesha, wewe! Ulipokuwa mdogo masikio haya niliyavuta zaidi ya leo."

Salome alikuwa akipakia masanduku garini. Bibi Emilia aliteremka, akajinyoosha.

"Mwanangu, jana nilikudanganya. Msichana huyu Nikolao alimlea, hakumzaa. Niliogopa kutoa mate yangu. Nionyeshe kwanza unayaweka wapi."

Salome alimwonyesha bahasha, akaifungua na kuifunga mbele yake.

"Hayatumiki kwa jambo jingine, Bibi, ila hili. Bila wewe, tungesema hayumo, nasi tungeamini kwamba tumesema kweli."

Bibi akafungua kinywa.

Majibu yalichelewa. Mvua zilianza, watu wakapanda mahindi, na Nurdin aliendelea kupita jioni kuuliza. Siku moja gari lilirudi. Jafari alikuwa katika kaburi namba moja. Nikolao alikuwa katika namba tatu. Familia ya Nurdin ilimzika Jafari kwa taratibu za Kiislamu, na akina Oliva wakahudhuria. Kesho yake Nurdin alishika koleo katika kaburi la Nikolao. Hata Kelvin alikuja, akabeba maji ya wachimbaji, asithubutu kumtazama Oliva usoni.

Fundi Petro aliuliza aandike nini msalabani.

"Andika: Nikolao, Baba Oliva," Bibi Emilia alijibu mbele ya watu wote.

Kisha akamshika Oliva begani, akawageukia watoto waliokusanyika.

"Sikilizeni. Nilidhani ukweli ungeivunja nyumba yangu. Kumbe uongo wangu ndio uliomzuia mwanangu asirudi. Mtaalamu, hata awe na elimu kubwa namna gani, hupima kile alichopewa. Ukimpa uongo, atakurudishia uongo. Oliva alisema kweli huku akiogopa kumpoteza baba. Leo jina lake liko juu ya kaburi la baba huyo. Mtoto asemaye kweli kwa adabu hajamvunjia mkubwa heshima. Amemsaidia kusimama."

Akatia mate kidogo kidoleni, akalipaka paji la uso la mjukuu wake.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu lori lipinduke, Esther alifunga komeo la mlango.