Jengo Lenye Waya Mmoja

Kila asubuhi Tjitske Wiersma alifungua jengo mwenyewe. Alitundika koti lake, akateleka kahawa, kisha akapita polepole katikati ya makabati ya chuma huku akisikiliza. Kompyuta zikiwa nzima huvuma. Ikinyamaza hata moja tu, Tjitske aliisikia kabla kengele haijalia.

Zamani jengo lile lilikuwa kiwanda cha maziwa, nje kidogo ya mji wa Dokkum, kaskazini kabisa mwa Uholanzi. Baba yake alilinunua likiwa na njiwa na harufu ya jibini. Sasa lilikuwa kituo cha data. Wenye biashara waliweka humo kompyuta zao kubwa. Tjitske aliwapa umeme usiokatika, ubaridi, ulinzi na mtandao. Humo mlikaa hesabu za maduka, mafaili ya madaktari wa meno, na picha za harusi za nusu ya wilaya.

Mtandao uliingia kwa waya mmoja tu, na waya huo haukuja kwa urahisi. Kampuni kubwa zilikataa kuleta nyaya vijijini. Zilisema, "Watu wenu ni wachache mno." Basi wanakijiji wakachukua sepetu wakachimba wenyewe, jioni baada ya kukamua ng'ombe, kandokando ya mitaro, hadi mjini. Baba yake Tjitske alichimba na mgongo wake mbovu, na majira ya baridi yaliyofuata akafa. Ukiusema vibaya waya ule mbele ya Tjitske, umemtukana baba yake.

Kituo kilibaki mikononi mwa watoto wawili, Tjitske na mdogo wake Gerben. Miaka ikapita. Wateja wakaongezeka. Siku moja kampuni zilezile zilizowakataa zikaja kubisha hodi. Zilitaka kuingiza nyaya zao ndani ya jengo. Gerben alifurahi mno.

"Dada, bahati imetufuata mlangoni," alisema. "Tutenge chumba kimoja kiwe cha makutano. Kila kampuni ya mtandao ilete waya wake humo. Mteja achague anayemtaka. Na wateja wenyewe kwa wenyewe waungane humohumo ndani."

"Na mtandao wetu tutamwuzia nani?"

"Tusing'ang'anie kuuza mtandao. Tuuze mahali pa kukutania."

"Walitukataa, Gerben! Baba kajimaliza kwenye mtaro ule. Leo hawa waje kula vilivyoiva?"

"Biashara haina kinyongo, Dada."

"Mimi ninacho."

Hakuishia hapo. Kwenye msingi wa jengo palikuwa na tundu la pili, ambalo nyaya mpya zingeweza kupitia. Tjitske alimwita fundi, akalijaza saruji. Gerben alisimama uani akitazama.

"Kama hupendi, mlango uko wazi," Tjitske alimwambia mbele ya fundi.

Mwezi uliofuata Gerben alihamia Amsterdam, akapata kazi katika kituo kikubwa cha data. Tangu hapo ndugu hao walikutana mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuzaliwa ya mama yao.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Tjitske Idi yake ilimjia wakati wa vuli. Katika nchi ile, kila vuli wakaguzi wa maji hupita kuangalia mitaro. Mtaro wako ukikutwa na magugu, unapigwa faini. Faini si kitu, ila majirani watakusema mpaka Pasaka. Kwa hiyo kila mfugaji husafisha mtaro wake, na wengi husubiri mpaka siku ya mwisho.

Hylke, jirani yake Tjitske, alikuwa mmoja wa hao wa siku ya mwisho. Alileta katapila, akazoa matope kwa pupa. Koleo la katapila likanyanyuka na magugu, na pamoja na magugu waya wa kijiji, umekatika vipande viwili. Waliochimba kwa sepetu hawakuwa wamechimba kina kirefu.

Ndani ya jengo kompyuta ziliendelea kuvuma. Lakini hakuna mtu wa nje aliyeweza kuzifikia. Maduka yalikwama. Madaktari wa meno walikwama. Na roboti inayowakamua ng'ombe wa Hylke mwenyewe ilipata hitilafu mchana uleule ikasimama, na onyo la kumwambia imesimama halikumfikia. Alipogundua, jioni, ng'ombe wake walikuwa wakilia kwa viwele vilivyojaa.

Onyo lile lilikuwa kazi ya Aukje Postma. Kampuni yake ilipokea habari kutoka roboti za kukamua, ikawatumia wafugaji maonyo kwenye simu. Aukje alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa kituo. Alianza na kompyuta moja tu, na mchana alikula mkate mezani kwa Tjitske. Wiki ile ile alikuja, akakaa kitini bila kuvua koti.

"Tjitske, nimekuja kukuaga."

"Kwa ajali ya siku moja? Waya tumeshauunga!"

"Si ajali tu. Njoo dirishani. Zizi la Hylke unaliona?"

"Naliona, mimi si kipofu."

"Habari ya roboti yake unajua inapita wapi? Hylke anatumia mtandao wa kampuni nyingine, na kampuni hiyo haimo humu ndani. Kwa hiyo habari inatoka pale zizini, inakwenda Amsterdam, huko ndiko inakokutana na waya wako, ndipo inarudi hapa. Halafu onyo linakwenda tena Amsterdam, ndipo limfikie Hylke."

"Aukje, inafika kabla hujapiga chafya."

"Mambo yakiwa mazima, ndiyo. Lakini njia ndefu ina pengi pa kukatikia. Na safari zote hizo nazilipia mimi. Groningen kuna jengo lenye kampuni nyingi za mtandao. Waya mmoja ukikatika, nahamia mwingine, na mfugaji hajui hata kama kuna kilichotokea."

"Ulianzia hapa. Ulikuwa mtoto wa nyumbani."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," alisema Aukje, na machozi yakamlengalenga. "Lakini ng'ombe wa watu hawali undugu wetu."

Aukje alipoondoka, madaktari wa meno wakafuata, kisha maduka. Makabati yakabaki matupu. Akatokea mtu aliyetaka kulinunua jengo ili ahifadhi mashua za watu wakati wa baridi. Wytze, mumewe Tjitske, alijaribu kumchekesha. "Angalau mashua hazilalamiki mtandao ukikatika," alisema. Tjitske hakucheka. Alijua kwamba akiuza, jasho la baba yake litageuka maegesho.

Siku ya kuzaliwa ya mama yao ikafika. Viti vilipangwa duara sebuleni kama ilivyo desturi. Kila anayeingia alimpongeza mama, kisha mtoto wa mama, kisha hata jirani aliyekaa kimya kwenye kona. Kahawa ikapita, na keki ya maganda ya machungwa yenye sukari ya rangi ya waridi juu yake. Katika duara lile hakuna anayegombana, na hakuna anayeomba radhi pia. Tjitske aliinuka, akabeba kiti chake, akakiweka kando ya Gerben. Mama yao aliona, akajifanya haoni.

"Gerben, nieleze tena kile chumba," Tjitske alisema.

Gerben aliweka kikombe chake chini. "Mama hununua wapi samaki?"

"Sokoni. Acha utani."

"Kwa nini asiende kwa kila mvuvi nyumbani kwake?"

"Kwa sababu pale sokoni wapo wote."

"Basi. Kituo chako ni duka. Kigeuze soko. Ukiwa na kampuni za mtandao nyingi humo ndani, wateja watakuja, kwa sababu wanaweza kuchagua. Na wateja wakija, kampuni nyingine nazo zitakuja kuwafuata. Mmoja humvuta mwenzake."

"Na sisi tutakula nini?"

"Kila wawili wanaotaka kuungana, unawavutia waya mfupi kutoka kabati hili hadi lile. Unawatoza ada ndogo kila mwezi. Waya mmoja hauleti hata keki hii, lakini nyaya mia ni mishahara ya watu. Kisha unaweka mtambo mmoja wa pamoja, kila kampuni inachomeka waya wake mara moja tu, inaonana na wengine wote. Habari ya zizi la Hylke itavuka chumba, haitavuka nchi."

"Na waya wa Baba?"

"Uwepo, lakini uwe mmoja kati ya wengi. Na bei iwe moja kwa wote. Mwenye soko akianza kupendelea bidhaa zake, wachuuzi hukunja mikeka yao. Tena nyaya ziingie kwa njia mbili zilizo mbalimbali, ili katapila moja lisiwamalize."

"Haya yote uliniambia wakati ule?"

"Yote, Dada. Wewe ulikuwa unatafuta fundi wa saruji."

"Mnanong'ona nini nyinyi wawili?" mama yao aliuliza kutoka upande wa pili.

"Samaki, Mama," Gerben alijibu.

Tjitske hakuuza jengo. Fundi yuleyule alirudi na patasi, akalizibua tundu alilolijaza mwenyewe, na njia nyingine ikachimbwa upande wa magharibi. Tjitske alizipigia simu kampuni alizozifukuza. Mbili zilikubali. Ya tatu ikaja kwa sababu mbili zilikuwepo. Gerben alikuja kila Jumamosi kuwaonyesha mafundi jinsi ya kupanga chumba cha makutano. Mgeni njoo, mwenyeji apone: makabati yakajaa, madaktari wa meno wakarudi, na ukumbi wa pili ukafunguliwa. Mwaka uliofuata katapila la mtu mwingine lilikata waya wa kijiji tena. Hakuna mteja aliyejua.

Aukje hakurudi. Tjitske alimfuata mpaka Groningen kumbembeleza.

"Humu nimeungana na wengi, Tjitske," alimwambia kwa upole. "Nikihama sasa, nawakata wote. Ungekuwa wewe, ungefanya hivyo?"

Tjitske alijua asingefanya.

Jumamosi ya mwisho ya kazi ile, Tjitske alimwonyesha Gerben ofisi mpya. Dirisha lake lilitazama malisho.

"Ni yako," alisema. "Rudi nyumbani."

Gerben alisimama mlangoni bila kuingia. "Wanangu wako shule kule. Mke wangu ana kazi kule. Ungeniita mwaka ule wa kwanza, Dada, ningekuja na soksi tu."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilifukuzwa. Aliyefukuzwa habishi hodi."

Alimkumbatia dada yake, akaenda kuwahi treni. Majuto ni mjukuu, na Tjitske alimlea mjukuu huyo peke yake, katika jengo lililojaa faida.

Siku hizi wenye vituo vidogo kutoka mikoa mingine huja kujifunza kwake. Tjitske huwaeleza habari ya soko, nyaya fupi, bei moja kwa wote na njia mbili. Majuzi walikuja watu wa Zeeland. Mmoja wao, kijana mchangamfu, alisimama katikati ya chumba cha makutano akashangaa.

"Mama, wazo hili zuri sana. Lilikuwa la nani?"

"La mdogo wangu."

"Yupo? Tungependa kumsikia mwenyewe."

"Hayupo. Nilimwonyesha mlango mbele ya fundi."

Wageni waliacha kuandika.

"Andikeni na hilo," alisema Tjitske. "Mitambo mtanunua wakati wowote. Lakini mtu wenu akiwaambia fungueni, mfungue angali yupo."