Aliyewavusha Watoto

Ile nguo haikuwa yao. Adelaïde aliikuta chini kabisa ya begi la watoto, asubuhi yao ya kwanza Nyabiondo, alipokuwa akitafuta sweta ya Cindy. Ilikuwa kitambaa kizito cha rangi ya udongo, kimekunjwa vizuri, kinanuka moshi na siagi ya ng'ombe iliyochacha. Aliiinua kwa vidole viwili. Mwanamke aliyefunga mizigo ya familia nzima kutoka Kampala anajua mpaka soksi zilizomo, na nguo ile hakuifunga yeye.

"Guy, hii nguo ni ya nani?"

Mume wake alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. "Itakuwa ya Mama."

Mama yake Guy, ambaye wajukuu walimwita Koko, alikuwa uani akipepeta maharage. Alisema si yake. Lakini aliiangalia nguo ile muda mrefu, kuliko mtu anavyoangalia nguo, na ungo ukatulia mikononi mwake.

"Mutoto gani alibebwa na hii?" akauliza polepole.

Aliyejibu ni Élie, mtoto mkubwa wa Adelaïde, mwenye miaka sita, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti kwa adabu, mikono magotini.

"Ni Cindy, Koko. Ule mama wa ku matope alimubeba na ile."

Basi hapo ndipo walipoanza kukumbuka ya jana yake, na kila mtu akakumbuka kipande chake tu.

Adelaïde alizaliwa Karuba, huku huku milimani, ila wazazi wake walihamia Uganda akiwa bado ananyonya. Milima ya Masisi aliijua kwa kusimuliwa. Guy ndiye aliyekulia huku, na ndiye aliyeng'ang'ania safari hii: watoto wake wavuke mpaka, wamwone bibi yao kabla mmoja wao hajasahau kwamba ana bibi. Walipita Goma, wakapita Sake, wakapita Masisi. Kabla ya kufika Nyabiondo wakakuta lori lililotoka Mubi limelala katikati ya matope, limeziba njia. Abiria wote wa jeep waliyoipanda Goma wakashuka. Guy akavua viatu akaenda kusukuma jeep na wanaume wenzake. Ukungu ulikuwa umeshuka hata mtu aliye mbele yako unamjua kwa kikohozi.

Hapo akatokea mwanamke mmoja mrefu, amejitanda nguo nzito, akasema, "Mama Élie, leta batoto nibavushe."

Kwenye barabara zile ni jambo la kila siku. Mtu anamvushia mwenzake mtoto, anashukuriwa, anakwenda zake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Adelaïde, mwenye begi kichwani na begi mkononi, alimwona yule mwanamke kama amefunguliwa mlango. Akampa watoto. Kwamba mgeni yule alimwita kwa jina la mwanawe bila kuambiwa, hilo halikumgusa mpaka asubuhi ya pili, na lilipomgusa aliketi chini.

Ng'ambo ya matope aliwakuta watoto wamesimama peke yao. Cindy, wa miaka mitatu, alikuwa analia mpaka pumzi inakwama. Élie alikuwa kimya, na viatu vyake vilikuwa safi kama vya mtoto anayekwenda komunyo. Guy alicheka sana. "Huyu anajua kukanyaga! Huyu ni mutoto wa milima!" Yule mwanamke hakuonekana wa kushukuriwa.

Koko aliweka ungo chini.

"Mama Élie, sikia. Huku kwetu mutoto anabebwa na nguo ya mama yake. Ukimupa muntu akubebee, unamupa na nguo yako. Kama amemubeba na nguo yake mwenyewe, ule mutoto anakuwa wake. Ulimupa nguo yako?"

"Sikumbuki, Mama."

"Iko wapi?"

Adelaïde alimwaga mabegi yote kitandani. Kitenge chake cha buluu hakikuwemo.

"Njo vile," Koko alisema, yaani ndivyo ilivyo, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Amebaki na yako, amekuachia yake."

Guy alikasirika. Alisema baba yake alikuwa katekista, kwamba nyumba hii ilijengwa kwa sala, na mambo ya majini ya barabarani ni ya watu waliokosa kazi. Adelaïde naye alikasirika, ila kwa sababu nyingine ambayo hakuitamka. Alijiuliza huyu mkwe, ambaye wameonana naye jana tu, anataka nini kwa mtoto wake. Waswahili wana neno lao, mchawi mpe mwana akulelee, na Adelaïde hakuwa tayari kumpa mtu yeyote mwana, awe mchawi au awe bibi. Kuanzia siku hiyo akampikia Cindy mwenyewe, akamnywesha mwenyewe, na kila Koko alipomnyooshea mtoto mikono, yeye alikumbuka kazi fulani ya haraka ndani.

Lakini Cindy hakula. Aliukataa uji, akaukataa na mkate wa Kampala uliokuwa umebaki. Usingizi wake ulikuwa wa kushtuka. Élie alipokuja kumshika mkono, kama alivyozoea kila siku ya maisha yao, alipiga kelele na kujificha nyuma ya sketi ya mama. Kutwa nzima alisimama kwenye ua wa miti, uso umeelekea barabara ya walikotoka, anaita, "Élie! Élie!" huku Élie mwenyewe amekaa nyuma yake.

"Niko hapa, Cindy," alikuwa akimwambia kwa upole.

Na mtoto hakugeuka. Majirani waliokuja kusalimia wageni waliona, wakatazamana, wakaaga mapema.

Élie ndiye aliyekuwa faraja ya nyumba. Alikula kila alichopewa. Alimsaidia Koko kuchambua maharage. Kiswahili chake, ambacho Kampala kilikuwa nusu Kiingereza nusu Kiganda, kilinyooka ghafla kikawa cha watu wa vilimani, na Guy akawa anawaambia wageni kwa majivuno, "Mnasikia? Damu iko naongea yenyewe." Jioni Élie alimsogelea mama yake akamnong'oneza sikioni, na pumzi yake ilikuwa baridi kidogo, kama pumzi ya mtu aliyetoka nje kwenye ukungu.

"Mama, usikasirike. Huyu haiko Cindy."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Niliona. Ule mama alienda na Cindy mu ukungu, akarudi na huyu. Cindy wetu iko kule, anakungojea."

Adelaïde alimkumbatia akalia. Moyo wa mama ukishaingiwa na shaka haulali tena, na wake uliingiwa pale pale, mikononi mwa mtoto aliyekuwa akimpapasa mgongo. Alianza kumchunguza Cindy alipokuwa amesinzia. Aliangalia kovu la gotini, lilikuwepo. Aliangalia masikio. Kila alama ilikuwa mahali pake, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, kwa sababu nani angeiba mtoto akaacha bandia isiyofanana?

Kisha ikaja ile sauti. Ilikuwa alasiri, ukungu umepanda kutoka bondeni hata jiko la nje halionekani, na Adelaïde alikuwa anaanika nguo alipoisikia nyuma ya jiko, pa, pa, pa, polepole, sauti ya kiganja kinachompigapiga mtoto mgongoni ili alale, na pamoja nayo ile harufu ya moshi na siagi iliyochacha, nzito, ya kukaba, na akajua kwamba Koko yuko kanisani na Guy yuko sokoni na hakuna mwanamke mwingine katika ua ule, akazunguka jiko, akamkuta Cindy amesimama peke yake mbele ya ukungu, mikono ameinyoosha juu kama mtoto anayeomba kupokea kitu au kupokewa, anacheka, anacheka kwa mara ya kwanza tangu wafike, na hakukuwa na mtu mbele yake.

Élie alikuwa nyuma, ameegemea ukuta. Yeye hakucheka.

"Unaona, Mama?" alisema. "Iko naita mama yake."

Hapo Adelaïde akavunjika. Koko aliporudi alimwangukia magotini, akamwomba msamaha kwa yote aliyomwazia.

"Simama," Koko alimwambia. "Mimi ningekuwa wewe ningewaza vibaya zaidi. Kesho asubuhi tunamurudishia ya kwake."

Guy alibisha, akabisha, halafu akatazama sahani ya binti yake iliyojaa, akakubali.

Walikwenda wote, kwa miguu, mpaka kwenye ile kona ya matope. Lori lilikwisha kuondolewa. Koko alisali Baba Yetu mara nyingi, kisha akaeleza namna inavyofanywa: mama anatandika nguo ya mgeni chini, anamweka mtoto juu yake, anageuka, anatembea. Hata mtoto akilia vipi, hageuki. Mtoto wake halisi ndiye atakayemwita, na akiita mara moja kwa sauti tulivu, basi ageuke.

Adelaïde alitandika. Alimweka Cindy. Mtoto aling'ang'ania shingo yake kwa mikono yote miwili hata Guy ikabidi amfungue vidole, kimoja kimoja.

Akatembea. Nyuma yake mtoto alilia kilio ambacho mama yeyote anakijua, kile cha homa, kile cha sindano, kile cha kuachwa shuleni siku ya kwanza, na kila hatua Adelaïde alijiambia kwamba kilio hiki ni cha uongo, ni cha jini, ni cha kumrudisha, na titi lake lililokwisha kukauka zamani liliuma kana kwamba lina maziwa, na akatembea, akatembea, mpaka kilio kikakatika ghafla kama taa iliyozimwa.

"Mama," sauti ikaita, tulivu.

Cindy alikuwa amesimama kando ya njia. Nguo haikuwepo tena. Mtoto alitabasamu.

Siku ile nyumba ya Koko iliimba. Cindy alikula maharage, akaongezwa, akaongezwa tena. Alikwenda mwenyewe kukaa na kaka yake, wakashikana mikono, wakanong'onezana. Adelaïde aliwatazama akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru na Koko, na raha aliyoisikia ilikuwa raha ya kweli, nisimnyime.

Asubuhi Jean-Bosco, dereva aliyewaleta, alikuja na jeep kuwarudisha Goma. Mvua ilikuwa imenyesha. Guy alipakia mizigo, Koko akawabusu wajukuu, watoto wakapanda nyuma. Jeep ilikuwa imekwisha kuacha kijiji Jean-Bosco alipoingiza mkono chini ya kiti chake.

"Ah, Mama Élie, samahani. Nguo yenu ilibakia mu jeep."

Ilikuwa kitenge cha buluu, kimekakamaa kwa matope, na fundo la kubebea mtoto lilikuwa bado limefungwa. Ndani ya fundo kulikuwa na kibanio chekundu cha nywele za Cindy.

Adelaïde hakuelewa mara moja. "Ilifikaje hapa?"

"Ule mama alinipa. Si njo alibebea kale kadogo? Niliona, nilikuwa ku usukani. Kadogo alikavusha na hii yenu. Kale kakubwa njo alirudilia, akakabeba na nguo yake."

"Élie hakubebwa," Guy alisema. "Alitembea."

"Alibebwa, Papa. Alikuwa nalia."

Adelaïde aligeuka nyuma. Watoto wawili walikuwa wameketi bega kwa bega, mikono imeshikana, wanamtazama. Walikuwa wamekatiza ua wote wa Koko, wenye tope la mvua ya usiku kucha. Viatu vinne vilikuwa safi.

"Mama," Élie alisema kwa upole, "usiangalie inje."

Wakati huo jeep ilikuwa inaingia kwenye ile kona. Adelaïde akaangalia nje.

Walikuwa ukingoni mwa barabara, ndani ya ukungu. Mvulana mwenye matope mpaka magotini, midomo imepasuka kwa baridi, amembeba mdogo wake mgongoni kwa nguvu zake ndogo, na nyuma yake kivuli cha mwanamke mrefu. Mvulana aliiona jeep. Alijaribu kukimbia, na kwa uzito wa yule aliyembeba hakuweza.

"Simama! Simamisha!"

"Hapa hatusimamake, Mama," Jean-Bosco alisema. Guy alimuuliza mkewe anaona nini, maana yeye aliona ukungu tu. Vidole vidogo vya wale wawili vilimshika Adelaïde mabega kutoka nyuma, baridi, vyenye nguvu. Alivibandua. Alifungua mlango gari likiwa linatembea, akaanguka, akainuka, akakimbia na kitenge mkononi, na ukungu ukamfunika.

Guy alimtafuta na watu wa Nyabiondo mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe akarudi Kampala na watoto. Wanaomjua wanasema ni watoto wa kusifiwa: hawaugui, hawagombani, hawachafuki. Guy halali chumba kimoja nao.

Na wanaopita barabara ile siku za ukungu, gari likikwama, wanasema sasa wanawake ni wawili. Mmoja ni mrefu, na huyo usimpe mtoto. Wa pili ana kitenge cha buluu kilichokakamaa matope. Anaomba akuvushie watoto wako, na ukimkatalia analia. Ukimpa, anamfunga mtoto mgongoni taratibu, anamvusha, halafu anamshusha na kumwangalia usoni kwa muda mrefu, anaangalia goti, anaangalia masikio.

Kisha anamrudisha. Mpaka leo amewarudisha wote.