Sifa Zilizomponza Kalolaine

Kila asubuhi jirani yangu Lavinia alimbeba binti yake, Kalolaine, mpaka kwenye teksi ya kwenda shule. Mtoto ana miaka minane. Mikono na miguu yake haina nguvu tangu azaliwe. Teksi ililipwa kwa msaada wa serikali.

Kisha kanuni za msaada zikabadilika. Afisa akaja kumwona mtoto nyumbani. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki mgeni hatumwonyeshi shida zetu. Lavinia alitandika mkeka mpya, akapika majani ya magimbi kwa tui, akamvika mtoto gauni la kanisani.

"Anavaa mwenyewe?" afisa akauliza.

"Bila shida! Anakula mwenyewe, anaoga mwenyewe. Huyu hodari!"

Msaada ukakatwa. Kalolaine akawa anashinda nyumbani, anawasikiliza wenzake wakipita kwenda shule. Iliniuma sana.

Siku moja tukisuka mikeka, Lavinia alilia. "Wana roho mbaya! Cheti cha daktari si wanacho?"

"Roho mbaya gani, shoga? Umejiponza mwenyewe," akasema jirani yetu Heilala. Mwanawe naye ni mlemavu, na yalishamkuta hayo hayo.

"Mimi?"

"Zamani jina la ugonjwa lilitosha. Sasa wanaangalia mtoto anaweza nini bila kusaidiwa. Nawe ukamfanya bingwa!"

"Mwanangu nimwaibishe mbele ya mgeni?"

"Aibu iko wapi? Kata rufaa, waombe waangalie upya. Wakija, waeleze siku yake mbaya ilivyo. Usiwaonyeshe sikukuu."

Lavinia akakata rufaa. Afisa aliporudi, mimi na Heilala tulikuwepo. Kalolaine alivaa nguo za kila siku. Lavinia aliinamisha kichwa.

"Hawezi kufunga kifungo," akasema. "Kijiko kinamwanguka. Chooni nambeba. Miguu inamuuma mpaka anauma shuka nisimsikie."

Kalolaine akamtazama. "Kumbe unajua, Mama? Mimi nilidhani hujui."

Lavinia akamkumbatia. Tukalia sote, hata Heilala mwenye maneno mengi.

Msaada ukarudishwa, na Kalolaine akarudi darasani. Siku hizi miguu ikimuuma, anamwita mama yake.