Kinyoya cha Upande wa Kushoto

Kishindo hakujua kukaa. Ukimpa kiti, anakaa ukingoni. Ukimpa chai, anainywa amesimama, mguu mmoja ukipigapiga sakafu. Akimaliza chai anakwenda dirishani. Akichoka dirisha anakwenda mlangoni.

"Mwenzangu, hata kiti kina haki ya kukaliwa," mkewe humwambia.

Jina la Kishindo alipewa na mashabiki. Enzi zake alichezea timu ya taifa ya badminton, mchezo ule wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu. Akiruka na kupiga, ukumbi mzima ulishtuka. Mkewe ndiye aliyekuwa mwenzake uwanjani. Walicheza wawili wawili, mke mbele karibu na wavu, mume nyuma. Walisafiri pamoja, wakashinda pamoja, wakanuniana pamoja, mwishowe wakaoana. Walipostaafu walianza kufundisha watu wazima katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Kila jioni walikuja wale wale: fundi cherehani, dereva wa lori, nesi wa kliniki ya macho na wengine wachache wenye vitambi vya kupunguza.

Mwaka huo Kishindo alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mechi ya wakongwe. Yeye na mkewe wangekutana tena na wapinzani wao wa zamani. Aliitaka mechi ile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Lakini mazoezini mambo hayakwenda. Vinyoya vilikuwa vinampita.

"Ni miguu," alisema. "Miguu imezeeka. Lazima niiamshe."

Basi akaiamsha. Alfajiri alikimbia barabarani. Asubuhi alipanda na kushuka ngazi za jengo wanaloishi, mpaka jirani wa chini akatoka na kijiko cha uji mkononi kuuliza kama kuna moto. Alinunua viatu vipya. Alibadilisha nyuzi za raketi. Nyuzi zilipokosa kusaidia, alizilaumu taa za ukumbini. Kila siku alipata mtuhumiwa mpya.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Asubuhi moja aligonga kikombe kikamwagika mezani.

"Nani ameweka kikombe hapa?" aliuliza kwa ukali.

"Baba, kipo pale pale kila siku," binti yake akajibu. "Mkono wako wa kushoto. Jana umekigonga, juzi umegonga fremu ya mlango. Siku hizi kila kitu cha kushoto kinakutafuta ugomvi."

"Usinitanie, mama. Nina mawazo ya mechi."

Binti alifuta meza. Lakini mama yake alikuwa amesikia, na neno lile lilimkaa rohoni.

Jioni ile walicheza dhidi ya nesi na dereva. Nesi hakuwa mchezaji wa kutisha. Alikosa vinyoya vingi na kucheka kila alipokosa. Macho yake, hata hivyo, yalikuwa ya kazi. Walipopumzika, alimwendea mke wa Kishindo.

"Mama, wewe unafundisha kwamba mwanamke anakaa mbele na mwanamume nyuma."

"Ndiyo."

"Sasa mbona kila kinyoya kikienda kona ya nyuma kushoto, wewe ndiye unayekimbia kukichukua?"

Mke akageuka kuitazama kona ile. Alikuwa hajui kama anafanya hivyo.

Nesi akamgeukia Kishindo. "Kocha, hebu simama mbele yangu. Funika jicho la kulia kwa kiganja. Nitazame puani, usihame. Nitaleta kidole kutoka pembeni. Ukikiona tu, sema."

Kishindo akatabasamu. Macho yake yalikuwa fahari yake. "Kutoka hapa nasoma tangazo la ukutani, hadi maandishi madogo ya chini."

"Vizuri. Nitazame puani."

Akamtazama. Mguu wake ukaanza kupigapiga sakafu.

"Haya, anza basi," alisema.

"Nimeshaanza, Kocha. Nimeanza zamani."

Watu wakasogea karibu. Kidole cha nesi kilikuwa kikichezacheza karibu kabisa na sikio la Kishindo. Kikaja mbele polepole, kikapita shavu, kikakaribia pua. Ndipo Kishindo akasema, "Nakiona." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Je, jicho hili liliwahi kuumia?"

Akacheka kidogo. "Zamani sana. Fainali moja, nilikuwa karibu na wavu. Mpinzani alipiga kombora, kinyoya kikanipata jichoni. Jicho likajaa damu. Walinilaza siku chache, likapona. Msimu uliofuata tulichukua ubingwa."

"Walikwambia urudi kupimwa?"

"Walisema kila mwaka. Lakini nirudi kufanya nini, na mimi naona?"

Nesi akaketi kwenye benchi. Alisema taratibu ili wote wasikie.

"Ndani ya jicho kuna maji. Yanatengenezwa kila siku, na kila siku yanatoka kupitia vijitundu vidogo sana. Jicho likipigwa kwa nguvu, vijitundu vinaweza kuharibika. Leo unapona, lakini miaka inapita na maji yanazidi kukosa njia. Presha ya jicho inapanda. Presha hiyo inabana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo ndio ugonjwa tunaouita presha ya macho. Wengine huupata bila kupigwa na chochote, hasa watu wazima na wale ambao wazazi wao walikuwa nao."

"Mimi nilipimwa presha juzi tu. Iko sawa," Kishindo akasema.

"Hiyo ni ya damu. Hii ni ya jicho. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina kipimo chake."

"Au ni mtoto wa jicho?" mke akauliza.

"Mtoto wa jicho huleta ukungu, mama, na ukifanyiwa upasuaji unaona tena. Huu hauleti ukungu wala maumivu. Unaanzia pembeni, unakuja katikati. Mwisho mtu anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Na sehemu iliyokufa hairudi."

"Kama ni hivyo ningejua!"

"Ungejuaje? Jicho la kulia limekuwa likimfanyia mwenzake kazi. Lakini pua yako inalizuia lisione mbali upande wa kushoto. Hapo ndipo kikombe na vinyoya vinapojificha. Kocha, mimi simo kwenye chumba cha vipimo sasa hivi, siwezi kuapa. Njoo kliniki kesho."

Kishindo akageuka. Akaenda wavuni, akarudi. Akaokota raketi, akaiweka, akaiokota tena.

"Nitakuja baada ya mechi," alisema.

Njiani mkewe alimsihi. Mezani alimsihi. Binti naye akaongeza yake. Kishindo alitia pamba masikioni. Alisema wakimpa dawa zitamlegeza. Alisema wakimzuia kucheza atakufa kwa hasira kabla ya jicho. Ukweli ni kwamba aliogopa. Tangu utotoni mwili wake ulikuwa umemtii, na sasa mtu alikuwa amemwambia kwamba kipande chake kimekufa na yeye hana habari. Akaenda tena kukimbia.

Mkewe hakukimbia. Alikaa akifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo moyo ulivyomuuma. Mtu anayecheza na mwenzake miaka mingi hamsubiri aombe msaada. Anaona pengo, anaziba. Ndivyo walivyoshinda. Na sasa ndivyo alivyomfichia ugonjwa, hata yeye mwenyewe asiujue.

Kesho yake mazoezini alisimama mbele karibu na wavu. Kinyoya cha kwanza kikaenda kona ya nyuma kushoto. Hakurudi nyuma. Kikaanguka, pa. Kikaja kingine. Kikaanguka. Cha tatu vivyo hivyo.

"Mwenzangu, umelala?" Kishindo akafoka.

"Sijalala. Nimesimama mahali pangu. Kona ile ni yako."

"Kona ipi?"

Mkewe alionyesha kwa raketi. Kishindo akageuka. Vinyoya vitatu vilikuwa vimelala sakafuni nyuma ya bega lake la kushoto. Alivitazama kwa muda. Miguu haikuwa imechelewa kuvifuata. Haikuwa imeondoka hata hatua moja, kwa sababu hakuna alichokiona.

"Tangu lini unanichukulia vinyoya?" aliuliza.

"Sijui. Labda mwaka. Nilikuona umekosa kimoja, nikarudi kidogo. Siku nyingine nikarudi tena. Sikukaa nikafikiri." Akashusha raketi. "Nilidhani nakusaidia. Samahani, baba. Sitakuchukulia kingine mpaka uende kupimwa. Hata siku ya mechi, mbele ya watu wote, nitaviacha vianguke."

Wanafunzi waliokuwa wakicheza dhidi yao walijitia wanafunga kamba za viatu. Kishindo aliketi sakafuni pale pale, katikati ya uwanja. Ilikuwa mara ya kwanza wanafunzi wake kumwona ameketi.

"Kesho twende," akasema.

Kliniki walimtia tone la ganzi, wakampima presha ya jicho. Haikuuma. Kisha wakamkalisha mbele ya mashine. Alitakiwa kutazama katikati na kubonyeza kitufe kila akiona taa ndogo pembeni. "Usizifuate taa kwa macho," fundi wa mashine alimwambia, tena na tena. Masikini Kishindo! Maisha yake yote amelipwa kufuata kila kinachoruka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye maneno machache.

"Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya pembeni," alisema. "Sehemu hiyo hatuwezi kuirudisha. Jicho la kulia bado ni zima, ila presha yake nayo imeanza kupanda. Hiyo hutokea, ndiyo maana tunapima yote mawili."

"Ningekuja zamani je?"

"Ungekuwa na zaidi ya ulichonacho leo."

Kishindo aliinamisha kichwa. Mkewe alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza mkono ule haukutafuta mahali pa kwenda.

Walipewa dawa ya matone. Nesi aliwaonyesha namna ya kuitumia. Nawa mikono. Vuta chini kope la chini. Dondosha tone moja, chupa isiguse jicho. Kisha funga macho, bana taratibu kona ya jicho karibu na pua, utulie kidogo ili dawa isikimbilie kooni.

"Utulie," alirudia, akimtazama Kishindo.

"Nimesikia."

"Kila jioni, bila kuruka. Na usitumie dawa ya jirani wala ya kubahatisha dukani. Zipo dawa za macho zinazopandisha presha hiyo hiyo."

Kila jioni binti alisimama mbele ya baba yake kama mwamuzi. "Baba, mguu!" alisema mguu ulipoanza kupigapiga. Baada ya siku kadhaa Kishindo alimvamia nesi ukumbini.

"Dawa yenu haifanyi kitu. Naona vile vile."

"Kuona vile vile ndiyo kazi yake, Kocha. Haikuongezei. Inakulinda usipungukiwe. Ukiiacha kwa sababu huoni tofauti, utaiona siku ambayo umeshachelewa."

Alinuna, lakini aliendelea. Daktari alimruhusu kucheza, mradi avae miwani migumu ya kukinga macho. Mechi ya wakongwe walicheza. Mkewe alipaza sauti, "Changu!" kila alipochukua kinyoya cha kushoto, na ukumbi mzima ulimsikia. Walifungwa, tena vibaya. Kishindo alilalamika siku mbili, kisha akamaliza.

Aliporudi kupimwa, daktari alilinganisha majibu mapya na ya zamani. "Hujapoteza kingine," alisema. Mke ndiye aliyelia.

Tangu hapo ukumbini kulikuwa na sheria: hakuna miwani ya kukinga, hakuna kucheza. Lakini jioni moja ya joto fundi cherehani alivua yake afute jasho, akasahau kuirudisha. Kinyoya kikatoka kwenye raketi ya dereva, kikampata jichoni. Akapiga kelele, akafunika uso. Punde akainua kichwa, jicho likichuruzika machozi.

"Niko sawa! Tuendelee, tunaongoza!"

"Raketi chini," Kishindo akasema.

"Kocha, nimebakiza pointi mbili nishinde!"

"Nimesema chini. Usilisugue. Usilioshe. Usitie kitu chochote."

Nesi alimtazama kwa tochi. "Aende leo leo. Si kesho," alisema. Kishindo alimpeleka mwenyewe.

Kliniki ilikuwa na watu wengi. Walikaa kwenye benchi ndefu, fundi cherehani na Kishindo, wakisubiri kuitwa. Fundi alifumba jicho moja, akafumba la pili, akatazama ukuta, akatazama taa.

"Kocha, tunapoteza muda wako bure," alisema. "Nina nguo za watu. Mimi nimepona. Naona vizuri kabisa."

"Hata mimi niliona vizuri kabisa," Kishindo akasema. "Kaa. Wakikuita tutaingia wote."